Bado Hakuna Amani

Nilijifunza kulitumia vibaya neno amani nikiwa shule ya sekondari Kitale, kwenye kikundi cha wanafunzi waliookoka. Tulifundishwa kwamba mtu akiwa na jambo la kuamua, aliombee, kisha ausikilize moyo wake. Moyo ukitulia, Mungu amekubali. Moyo ukikataa kutulia, Mungu amekataa. Mafundisho yenyewe hayakuwa mabaya, na wapo watu ninaowaheshimu wanaoishi hivyo hadi leo. Ila sisi tulikuwa wasichana wajanja, na tuligundua upesi kwamba hakuna mwalimu anayeweza kubishana na moyo wa mtu. Zamu ya kufagia ukumbi ikimfikia mvivu, alisema hana amani. Mimi mwenyewe, nilipomaliza shule, nilimkataa mchumba kwa barua, mwanamume mwenye kazi na heshima zake. Nilimwandikia kwamba nimeomba wiki nzima na sikupata amani. Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuna mdomo wazi. Akanijibu kuwa ameyapokea mapenzi ya Bwana, nami nikawasomea wenzangu barua yake kwa sauti tukacheka.

Nilikuja na neno hilo Juba, na ndilo nililolitumia kwa mama yangu.

Sisi ni Wamadi. Vita ilipoitoa familia yetu Juba mara ya mwisho, mama na dada yangu mkubwa walivuka mpaka wa Nimule wakaingia Uganda, wakapewa kiwanja kambini. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa Kenya. Kulipotulia nilikuwa wa kwanza kurudi. Nyumba ya baba ilikuwa bado imesimama mtaa wa Malakia, vyumba viwili na veranda, karibu na mto kiasi kwamba wakati wa mvua mbu ndio wenye nyumba na wewe ndiye mgeni. Bati lilikuwa limeibwa, madirisha yameibwa, hata waya za umeme zilikuwa zimechomolewa ukutani. Kilichobaki ni mlango wa mbele. Baba aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za mkangazi mwaka aliomwoa mama, na nadhani uzito wake ndio uliouokoa, maana wezi ni wavivu kama watu wengine.

Nilifungua kibanda mtaa wa Hai Cinema, cha kuchapa na kutoa kopi. Watu huniletea barua za kuomba kazi, vyeti vya kutafsiri kutoka Kiarabu, kadi za harusi. Kazi yangu ni maneno, na nina sifa ya kuwa makini nayo; nikiona koma imekaa vibaya napata kuwashwa. Jumapili nilikuwa mkalimani kanisani. Mzee wa Kimadi akisimama kusema kitu, mimi husimama kando yake nikamgeuzia maneno yawe Kiarabu cha Juba, ambacho ndicho kila mtu pale anakisikia.

Kidogo kidogo niliijenga nyumba ile. Chumba kimoja nikalala, cha pili nikakifanya sebule. Nikaweka makochi, nikayavalisha vitambaa vya kufuma, nikatandika kapeti ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga na viatu. Lazima niseme wazi jinsi nilivyoipenda sebule ile. Nilikulia kwenye nyumba za turubai, kisha mabweni, kisha vyumba vya kupanga na wasichana watatu kitanda kimoja. Sikuwahi kufunga mlango na kujua kwamba upande huu niko mimi tu. Jioni nilikaa kwenye kochi, taa ya sola juu ya meza, nikasikia kimya cha nyumba yangu. Nilimshukuru Mungu kwa kimya hicho kila siku.

Kiangazi kimoja dada akapiga simu. Mimi na dada huzungumza Kiswahili kwenye simu, chake cha Uganda na changu cha Kitale, kwa sababu kambini alipiga mbele ya majirani na alipenda wasikie ana mtu Juba. Hata kuandikiana tuliandikiana Kiswahili, maana Kimadi hakuna kati yetu aliyefundishwa kukiandika.

"Mdogo wangu, jicho ya mama ya kulia imekufa kabisa," alisema. "Ya kushoto iko karibu. Daktari anasema ni presha ya macho, hakuna kurudisha. Mama anataka aone nyumba yake na hii jicho yenye imebaki. Aone ile mlango ya baba. Sisi tunakuja. Kuna familia tatu hapa zenye zinarudi, tunakuja pamoja kwa gari moja."

Sikiliza vizuri maneno hayo. Dada hakuniuliza. Hakukuwa na swali popote ndani yake. Alikuwa ananijulisha kwamba mama mwenye nyumba anarudi nyumbani kwake, na kwamba tunashindana na jicho.

Nami nikasema, "Dada, acha tuliombee kwanza."

"Sawa," akasema, kama mtu aliyeambiwa ngoja nitafute ufunguo. "Omba."

Dada yangu aliacha shule darasa la tano ili mimi niendelee. Alinibeba mgongoni kutoka Juba hadi mpakani, safari ya kwanza kabisa tuliyokimbia, mimi nikiwa na homa na yeye akiwa mtoto pia. Haya nilikuwa nayajua vizuri nilipokuwa nikimwambia angoje.

Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Maji Malakia ni ya shida, hospitali ni mbali, joto litamuumiza mama. Lakini nilipokaa peke yangu niliona vitu vingine kabisa. Nilimwona dada akihamisha sufuria zangu na kuniambia nilivyozipanga si vizuri. Nilimwona mama akinusa ugoro kwenye kochi na kuangusha vumbi lake juu ya kitambaa. Nilikuwa na kikundi cha maombi kilichokutana kwangu kila Alhamisi, akina mama wa ofisini, wenye vitenge vya kushonwa na Biblia za zipu. Niliwaona wakimsalimia mama yangu, na mama akiwaitikia kwa sauti ile ya kambini, sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye foleni ya maji. Nikaona haya. Ndiyo, mama yangu mwenyewe alinitia haya, wakati bado hata hajapanda gari.

Nikaomba siku tatu. Nilifunga, ingawa kufunga kwangu kulikuwa na chai ya maziwa asubuhi na nyingine saa kumi. Siku ya pili nikaamua kufungua Biblia bila kuangalia, niweke kidole, nipate neno. Kidole kikaangukia majina ya ukoo wa mtu fulani, baba akamzaa mtoto, mtoto akamzaa mtoto. Nikaona hilo halinihusu. Nikafungua tena, kikaangukia sheria za kuheshimu wazazi. Nikajiambia nimefungua vibaya, mkono ulikuwa umeshajua kurasa zile. Mara ya tatu kikaangukia zaburi ya kumngojea Bwana. Hapo nikasimama. Mungu alikuwa amesema, nami nikaandika tarehe pembeni mwa zaburi ile kwa kalamu.

Jirani yangu pale Hai Cinema ni Msomali aliyetoka Nairobi, muuzaji wa jumla wa sukari na unga. Siku ya tatu alikuja kutoa kopi za karatasi zake za mzigo akaniona nimenuna.

"Dada, leo ni nini? Sura imefungwa kama duka siku ya Idi."

Nikamwambia mama yangu anataka kurudi Juba na ninatafuta mapenzi ya Mungu kuhusu jambo hilo.

"Hiyo nyumba ni ya nani kwani?"

"Ya marehemu baba."

"Na huyo mama ni bibi ya nani?"

"Ya baba."

Akakuna ndevu. "Sasa Mungu unamuuliza nini?"

Hakuwa ananibishia. Alikuwa anangoja kopi zake, na swali lilimtoka kama mtu anavyouliza mbona mashine imesimama. Lakini nilikasirika hadi nikakosea kuhesabu kurasa. Alhamisi nikawaambia wenzangu kwenye maombi kwamba watu wa dini nyingine wana shida ya kuelewa uhusiano wa karibu na Bwana. Wakatikisa vichwa kwa huruma, nami nikawamiminia chai.

Jioni hiyohiyo nikamwandikia dada ujumbe. Naukumbuka wote, maana niliupima kama ninavyopima barua ya mteja: "Dada yangu mpendwa. Tumeomba siku tatu. Bado hakuna amani. Tafadhali msije kwanza, subirini. Nawapenda."

Tazama nilivyoandika. Mtu anayejali koma hakuandika "sina amani." Niliandika "hakuna." Sikufanya hivyo kwa hila, nadhani; "sina" ilionekana kama inanisogeza mbele sana, nami nilitaka Mungu ndiye asimame mbele. Kama ningempigia na kusema kwa Kimadi, ningeshikwa papo hapo. Kimadi changu ni cha jikoni, hakina maneno ya kanisani. Ningelazimika kusema: sitaki.

Kesho yake dada akapiga alfajiri. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Mdogo wangu! Wewe iko hai?"

"Niko. Kuna nini?"

"Ujumbe yako tumesoma. Hapa wote wamesoma. Mama hajalala. Imeanza lini? Wewe unalala wapi? Risasi iko karibu na nyumba?"

Nilisimama katikati ya sebule, miguu mitupu kwenye kapeti. Nilielewa mara moja. Huko kambini amani ni kitu kimoja tu. Mtu wa Juba akikuandikia hakuna amani, hakuelezi habari za moyo wake. Anakuambia wanapigana. Mtu yeyote wa kwetu angesoma hivyo. Mimi tu na wenzangu wa Biblia za zipu ndio tungesoma vingine.

Neno moja lingetosha. "Hapana dada, hakuna vita, nilimaanisha moyo wangu." Lakini baada ya hapo angeuliza, moyo wako una nini? Nami ningejibu nini? Nikafungua mdomo na nikasema, "Hapa Malakia hapana risasi."

Ilikuwa kweli. Hapakuwa na risasi Malakia. Hapakuwa na risasi Hai Cinema, wala Lemon Gaba, wala kona yoyote ya mji. Msimu ule Juba ilikuwa na harusi kila Jumamosi na magari yakipiga honi hadi unaziba masikio.

"Asante Yesu," dada akasema. "Basi jifiche. Hizo familia tatu nazo wamesema hawatoki. Umetuokoa. Sisi tutaomba."

"Tuombe tu," nikasema. Nikakata simu.

Nilijiambia nitamweleza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, na kila alipopiga aliuliza kwa sauti ya chini, "Bado?" nami nikasema, "Bado kidogo." Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini yangu niliitembea miezi saba, tena kwa mwendo wa pole. Mvua zikaja. Katikati ya mvua dada akasema kwamba jicho la kushoto limefunga. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayetaja habari za shamba, kisha akauliza kama nimepata chakula. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za veranda na sikuingia hadi mbu waliponifukuza. Nataka kusema nililia. Sikulia. Nilikaa nikihesabu ni miezi mingapi ilikuwa imepita tangu ule ujumbe, nikitafuta namna ya kuipunguza.

Mvua zilipokatika, wafanyabiashara wa simsim, yaani ufuta, waliopita kambini waliwaambia watu kwamba Juba kumetulia kabisa. Dada hakupiga simu kuomba ruhusa. Alinipigia wakiwa wameshapita Nimule.

Walifika Alhamisi mchana, na niliwafukuza wenzangu wa maombi kwa kusingizia kuumwa kichwa. Dada alimshusha mama kwenye gari na kumwongoza kwa bega. Mama alikuwa amepungua. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, akatoa mkono, akaugusa ubao. Akashuka nao hadi chini, akapanda nao hadi pale urefu wake ulipofika, akatafuta bawaba, akatafuta kitasa. "Ni wenyewe," akamwambia dada. "Ubao wa chini hapa baba yenu alikata vibaya, akaweka kipande. Kipo." Mimi niliupita mlango ule kila siku kwa miaka na sikujua kuna kipande. Niliinama nikakiona.

Mama alikuwa amenibebea galoni ndogo ya simsim iliyosagwa. Ya shukrani, alisema, kwa kuwa niliwaonya.

Usiku ule, wakiwa wamekaa sebuleni, dada kwenye kapeti na mama kwenye kochi, ndipo nilipoambiwa yaliyokuwa yakifanyika upande wa pili wa ujumbe wangu. Kila Jumatano, miezi saba yote, mama hakuweka kitu mdomoni mpaka jua lizame. Hakukuwa na chai ya maziwa. Kanisa la kambini, lile la miti na turubai, lilikuwa na sala ya Juba kila Jumapili, na jina langu lilitajwa. Watu ambao watoto wao huku hawana simu walimjia mama kuuliza habari, naye aliwaambia binti yake yuko ndani ya hatari na bado anamwandikia. Mama aliweka nadhiri: Mungu akinilinda hai, atasimama kwenye kanisa langu na kusema mbele ya watu.

"Risasi hazikupiga hata ukuta?" dada aliuliza, akiangalia rangi yangu mpya.

"Mungu ni mwema," nikasema.

Nikamgeukia mama. "Mama, hiyo habari ya kusimama kanisani, tuiombee kwanza tuone kama ni wakati wake."

"Shukrani haiombewi ruhusa," mama akasema, akachukua ugoro wake.

Jumapili nilimshika mkono hadi mbele. Nilikuwa nimevaa kitenge kizuri, na jasho lilikuwa limekilowesha mgongoni. Mchungaji aliwaambia watu kwamba mama wa mkalimani wetu amekuja kutoka Uganda na ana neno. Watu wakapiga makofi. Mama akaanza kwa Kimadi, lugha anayotumia kusali, na mimi nikaanza kazi yangu.

Nilikuwa nimepanga kugeuza. Usiku kucha nilitunga sentensi nitakazoziweka mahali pa zake: mama anamshukuru Mungu kwa safari, mama anawasalimu. Lakini nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa nyumba yetu anapaswa kulijua. Mama aliolewa Malakia. Aliuza bamia sokoni pale kabla mimi sijazaliwa. Kiarabu cha Juba anakisikia kuliko mimi. Nilipoanza sentensi yangu ya kwanza ya uongo nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye kiganja changu, akasubiri, kichwa kimeelekea upande wangu, nami nikairudisha na kuisema kama alivyoisema yeye.

Basi nikasema yote. Nikasema, kwa Kiarabu, mbele ya watu walioishi Juba miezi ile yote, wakaoana na kubatiza watoto na kulalamikia bei ya mkaa: "Mwaka huu vita iliporudi hapa mjini, mtoto wangu alituandikia kwamba hakuna amani. Tukakaa. Tulifunga. Mungu akamficha na risasi."

Kanisa likanyamaza. Nyuma mtu akauliza, "Yatu?" yaani ipi, vita ipi? Mwanamke wa kikundi changu, yule anayetoka Lemon Gaba, alinitazama akingoja nicheke au nisahihishe. Watoto kwenye benchi la mbele wakaanza kuchekeana. Mama hakuona kitu katika hayo yote, lakini alisikia, na aligeuza uso huku na huku akitafuta sauti za watu zilikokuwa zimekwenda.

Mchungaji ni mtu mpole. Alikuja akamwekea mama mkono begani, akawaambia watu kwa upole ule ule, "Haboba taban." Bibi amechoka. Safari ndefu, umri, vita vya zamani vinarudi kichwani; tumwombee haboba wetu. Na kanisa zima likaguna kwa huruma, aaah, likanyoosha mikono kumwombea mama yangu akili.

Mimi nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Kilikuwa kimewashwa. Nilichohitaji kusema kilikuwa kifupi kuliko tangazo la harusi, na nilikuwa tayari nimesimama, watu wote wananitazama, na mwenye kipaza sauti ni mimi. Nikamrudishia mchungaji. Nikamwacha mama aonekane amechanganyikiwa ili mimi nisionekane nilivyo, na nikamshika mkono nikamrudisha kwenye benchi taratibu, kama binti mwema. Watu walinigusa begani nilipopita. Mmoja aliniambia Mungu atanipa nguvu za kumtunza.

Nimeshafanya mambo mengine maishani ambayo siyaandiki. Hili ndilo linaloniamsha.

Nyumbani tulikula kwanza. Mama alikaa veranda na ungo mapajani, akichambua simsim kwa vidole, akitoa vijiwe na kuviweka pembeni. Dada aliosha vyombo, akazipanga sufuria zangu upya, kisha akatoka na kukaa mbele yangu kwenye kiti kidogo. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa afadhali.

"Mimi sikusoma," alisema. "Kwa hiyo wewe nifundishe. Pale kanisa watu wanasema vita haikuwa. Muuza mkaa hapo nje nimemuuliza, anasema haikuwa. Sasa ile amani yenye uliandika hakuna, ilikuwa amani ya nani?"

Nilikuwa na maneno. Kazi yangu ni maneno. Nilifikiria kumweleza habari za Kitale, jinsi tulivyofundishwa, jinsi mtu anavyoweza kukosea kwa moyo safi. Nikafikiria zile siku tatu na kile kidole changu. Sijui kama Mungu alisema lolote siku zile. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiongea muda wote.

"Ilikuwa yangu," nikasema. "Vita haikuwepo. Mimi ndiye sikutaka mje."

"Sababu?"

Nikageuka nikatazama sebule kupitia mlango uliokuwa wazi, makochi na vitambaa vyake. "Nilitaka kukaa peke yangu," nikasema, na nilipoisikia kwa sauti ilikuwa ndogo sana, ndogo kuliko hata nilivyoiogopa.

Dada alishusha macho akaitazama mikono yake. Vidole vya mama vilikuwa vimesimama juu ya ungo. Nilimsubiri anilaani, maana ana haki, na kwetu laana ya mama si mchezo. Gari la maji lilipita barabarani likaenda zake. Kisha vidole vikaanza tena kuchambua.

"Wakati ule," mama akasema kwa Kimadi, si kwangu hasa, "hili la kushoto lilikuwa bado linaona rangi."

Nikapiga magoti pale sakafuni. Nikasema nisamehe mama, nikasema Jumapili nitasimama nitawaambia kanisa zima kwamba yeye ana akili timamu, nitaeleza kila kitu, nitasema neno kwa neno.

Mama alitoa kijiwe, akakipima kati ya vidole viwili, akakitupa nje ya veranda.

"Jumapili nitasimama mimi," alisema, na safari hii alisema kwa Kiarabu, Kiarabu safi cha soko la Malakia. "Nitasema mwenyewe. Wewe kaa kwenye benchi na watu wengine, usikilize."